Je, Wajua? Bodi ya Land Rover Kuukuu na Yaliyo Chini ya Rangi

Injini ya gari kuukuu ikichoka hufunguliwa, ikatengenezwa au ikabadilishwa. Bodi na chasisi zikiachiwa kutu, gari zima limekwenda. Safu hii leo inaingia uvunguni mwa Land Rover za zamani, zile zilizoundwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 2016, kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kulinyoosha, kulitia kiraka na kulipaka rangi mwenyewe nyumbani. Ni magari machache yanayomfaa mwanagenzi kama hili. Sharti ni kuijua metali unayoigusa na kuijua njia ya maji. Rangi huja mwisho.

ASILI YAKE

• Je, wajua kwamba mchoro wa kwanza wa Land Rover ulichorwa mchangani? Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alimchorea ndugu yake Spencer umbo la gari hilo ufukweni Red Wharf Bay, kisiwa cha Anglesey, Wales. Shambani kwake alikuwa akitumia Jeep ya Marekani iliyobaki vitani, naye alitaka gari la kushika nafasi yake. Tarehe 30 Aprili 1948 gari lenyewe lilionyeshwa Amsterdam.

• Je, wajua kwa nini bodi yake ni ya alumini? Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilitolewa kwa mgao Uingereza, ilhali alumini ilipatikana kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Iliyochaguliwa iliitwa Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesiamu.

• Je, wajua kwa nini mabati yake yamenyooka hivyo? Rover ilitaka kukwepa gharama ya mashine kubwa za kufinyanga bati, kwa hiyo sehemu nyingi ziliundwa kwa kukunjwa tu. Ndiyo sababu hadi leo kipande kingi cha bodi hii chaweza kukatwa na kukunjwa kwa mkono, kwa mbao mbili na vibano vya kukazia.

• Chasisi nayo iliundwa kwa vipande vinne vya bati la chuma vilivyochomelewa kuwa boksi refu lenye uwazi ndani. Ubunifu huo uliokoa fedha, lakini uwazi huo ndio mlango wa matatizo mengi utakayoyasoma hapa chini.

• Magari ya majaribio yaliyotangulia yale ya kuuzwa yalikuwa na chasisi iliyochovywa kwenye zinki. Yaliyoingia sokoni yakapewa chasisi iliyopakwa rangi tu. Wamiliki wengi wa leo wanairudia zinki ileile ya mwanzo.

• Namba 88 na 109 unazozisikia kwa mafundi ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ya 109 ina urefu wa meta 2.77 kati ya magurudumu. Ukiagiza kipande cha bodi au chasisi, anza kwa namba hiyo.

METALI MBILI CHINI YA RANGI MOJA

• Je, wajua kwamba Land Rover kuukuu si ya alumini yote? Chasisi, ukuta unaotenga injini na abiria, na fremu za milango ni chuma. Alumini ni ngozi ya milango, madigadi, paa na sanduku la nyuma la kubebea mizigo. Sumaku ndogo ya mfukoni itakuambia kwa sekunde moja uko kwenye metali gani.

• Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule. Hujikinga kwa utando mwembamba mno wa oksidi, na ukiikwaruza, utando mpya huanza kujijenga papo hapo. Chuma hakina bahati hiyo: kutu yake haishikamani, hubanduka na kuacha chuma kipya kiliwe.

• Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga visahani vya metali mbili tofauti, akaweka kati yao vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata umeme. Hiyo ilikuwa betri ya kwanza. Mlango wa Land Rover una vitu vilevile: chuma, alumini, na maji yenye chumvi kati yake. Umeme mdogo hupita, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaouona chini ya mlango, na rangi iliyofura juu yake, ni alama ya kazi hiyo.

• Tiba yake ni kutenganisha. Palipo na chuma na alumini, safisha pande zote mbili, pakaa praima kila upande, weka utepe wa plastiki au mastiki isiyopitisha maji katikati, ndipo ufunge. Bila maji kufika hapo, hakuna umeme, na bila umeme alumini haiguswi kwa njia hiyo.

• Je, wajua kwamba ukubwa wa kila metali nao una neno lake? Riveti ndogo ya alumini kwenye bati kubwa la chuma huliwa haraka, kwa sababu mzigo wote unaiangukia yenyewe. Boliti ndogo ya chuma kwenye bati kubwa la alumini hudhuru polepole zaidi. Shaba nyekundu na shaba njano zisiguse alumini kabisa.

• Zinki inapokaa juu ya chuma, mambo hugeuka na kuwa mema: zinki hukubali kuliwa ili chuma kipone, hata pale palipokwaruzwa. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1837. Leo chasisi nzima huchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka yenye joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi. Kabla ya hapo lazima itobolewe matundu ya kutosha ili zinki iingie na hewa itoke, kwani boksi lililozibwa laweza kupasuka.

• Jua likipasha moto, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bati la alumini la meta moja likipanda joto kwa nyuzi 40 huongezeka karibu milimita moja. Ndiyo maana mastiki ngumu ya viungo hupasuka. Tumia inayobaki laini kama mpira.

• Toyota Land Cruiser, ambayo babu yake alikuwa Toyota BJ ya 1951, ina bodi ya chuma. Ushauri wa Land Rover kuhusu alumini haukuhusu ukiwa na hiyo. Ushauri kuhusu kutu unakuhusu maradufu.

KUTU INAVYOINGIA

• Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Ukiondoa kimojawapo cha hivyo viwili vya mwisho, imesimama. Kila kazi ya kinga, iwe rangi, nta au mafuta, ni jitihada ya kuzuia vitu hivyo viwili.

• Je, wajua kwamba gari la Mombasa, Tanga au Unguja laweza kulowa bila mvua? Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewani ikifika takriban asilimia 75, na usiku wa pwani hufika hapo kwa urahisi. Chumvi iliyokauka uvunguni hulowa upya kila jioni.

• Kwa hiyo mvua si adui peke yake. Juu ya gari mvua husafisha chumvi. Maeneo yaliyofichika, kama ndani ya madigadi na juu ya chasisi, hayaoshwi na mtu wala mawingu, na huko ndiko kutu hushamiri. Ukitoka ufukweni, peleka bomba la maji matamu huko kwanza kabla ya kung'arisha boneti.

• Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichotokana nacho. Ikianza kati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja huyasukuma yatengane, ikang'oa hata alama za kuchomelea. Kiungo kilichovimba ni kiungo kilichooza ndani, hata kama rangi yake inang'aa.

• Tope la Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni hatari kwa alumini kwa sababu nyingine. Magadi huyapa maji ya huko uchungu mkali wa alkali, na alkali kali huyeyusha ule utando unaoilinda alumini. Gari lililopita huko lioshwe siku hiyohiyo.

• Chasisi ya boksi huoza kutoka ndani kwenda nje. Tope huingia, huziba matundu ya kutolea maji, na unyevu hukaa humo miezi. Ukiona tundu dogo kwa nje, bati linalolizunguka limekwisha kuwa jembamba.

KABLA YA KUSHIKA GRAINDA

• Je, wajua chombo bora cha ukaguzi? Nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi huingia. Gonga boriti ya mwisho ya nyuma, mikono inayoshika bodi pembeni mwa chasisi, mashikio ya springi, sakafu ya miguuni na nguzo za milango.

• Kwenye gari la chuma, sumaku isiyoshika vizuri mahali fulani imekutana na puti nene. Kwenye alumini mbinu hiyo haifanyi kazi kabisa, kwani sumaku haishiki popote. Hapo tumia ukucha au kifundo cha kidole na usikilize tofauti ya sauti.

• Mahali panaposhika springi, usukani, mikanda ya kiti au breki pana uhai wa watu. Mwanagenzi anaweza kusafisha na kuandaa hapo, lakini mshono wa mwisho upigwe, au angalau ukaguliwe, na fundi aliyebobea. Madigadi yanaweza kusamehe kosa lako. Shikio la springi halisamehi.

• Piga picha kila hatua ya kufungua, na weka boliti za kila sehemu kwenye mkebe wake ulioandikwa jina. Sehemu kubwa ya bodi hii imefungwa kwa boliti, hivyo kipande kimoja chaweza kutolewa bila kubomoa jirani yake.

KUMALIZA KUTU YENYEWE

• Siki na maji ya ndimu huyeyusha kutu kwenye boliti, bawaba na vipande vidogo vya chuma. Viloweke, visugue, vioshe vizuri, vikaushe na uvipake mafuta mara moja, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye tindikali hushika kutu mpya kwa saa chache.

• Molasi ya viwanda vya sukari nayo huondoa kutu. Sehemu moja ya molasi kwa takriban tisa za maji, kwenye pipa la plastiki, kwa wiki moja au mbili, hukitoa chuma kikiwa safi bila kukikwangua. Usiweke alumini humo.

• Umeme wa chaja ya betri huondoa kutu kwenye maji yenye soda ya kufulia. Kipande chenye kutu hufungwa upande wa hasi, na chuma chakavu cha kawaida upande wa chanya. Usitumie chuma cha pua upande huo, kwani hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanya kazi nje, mbali na moto, maana gesi ya haidrojeni hutoka. Alumini isiingie humo pia.

• Je, wajua kwamba miwati ya Njombe ina undugu na kazi hii? Magome ya miti hiyo hutoa tanini ya kulainishia ngozi, na kampuni ya miwati ilianza Njombe mwaka 1949. Tanini ikikutana na kutu hutengeneza utando mweusi wa rangi ya wino ambao haubanduki kirahisi. Dawa nyingi za madukani za kugeuza kutu kuwa nyeusi hutegemea tanini. Nyingine hutegemea tindikali ya fosforiki.

• Dawa hizo hugusa tu kutu zinayoifikia. Juu ya magamba manene zinapaka uso na kuacha kutu hai chini. Kwangua kwanza mpaka uone chuma chenye vidoa tu, ndipo upake dawa.

• Brashi ya waya wa chuma cha kawaida isiguse alumini. Huacha chembe za chuma ndani yake, na chembe hizo hushika kutu chini ya rangi mpya. Nunua brashi ya chuma cha pua na uitumie kwa alumini peke yake. Dawa za kubandua rangi zenye magadi makali nazo ziwekwe mbali, kwa sababu huila alumini yenyewe.

KUNYOOSHA

• Bati lililobonyea hurudishwa kwa kufuata njia iliyoliingiza, kinyumenyume. Kilichokunjika mwisho hunyooshwa kwanza. Anza kingoni mwa bonde, zunguka, kisha sogea katikati polepole. Anayepiga katikati kwa nguvu hutengeneza kilima kipya.

• Nyundo ikipiga bati lililoegemea moja kwa moja kwenye fuawe ya mkono, bati hutandazika na kuongezeka ukubwa. Fuawe ikikaa pembeni kidogo, chini ya bonde, huku nyundo ikigonga kilima kilicho jirani, vyote viwili husawazika bila bati kuongezeka. Njia ya pili ndiyo itakayokufaa mara nyingi.

• Alumini hukakamaa kwa kupigwa, na ukiendelea hupasuka. Moto huirudishia ulaini, lakini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo jicho halikuonyi. Mafundi wa zamani husugua sabuni ya mche juu ya bati, kisha hupasha moto upande wa pili. Sabuni ikigeuka hudhurungi iliyoiva, moto huondolewa.

• Ufa kwenye bati huendelea kutembea gari linapotikisika. Toboa tundu dogo la mviringo mwisho kabisa wa ufa kabla ya kutia kiraka. Tundu hilo hutawanya nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha kali.

• Kiganja huona kuliko jicho. Vaa glavu nyembamba ya pamba, pitisha mkono wako kwa urefu wa bati, nawe utahisi mabonde yasiyoonekana. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, mwanga wa kando utakuonyesha yaliyobaki.

MOTO NA VIRAKA

• Je, wajua kwamba Land Rover nyingi za 88 zina tangi la petroli chini ya kiti cha mbele? Cheche moja ya grainda karibu na hapo yatosha kuleta msiba. Ondoa tangi, lipeleke mbali, na ujue kwamba tangi tupu lenye mvuke hulipuka kirahisi kuliko lililojaa. Usilichomelee tangi nyumbani, hata likiwa limeoshwa.

• Fungua betri kabla ya kuchomelea, na waya wa alteneta pia. Bana waya wa kurudishia umeme wa mashine kwenye chuma kilichosafishwa, karibu kabisa na unapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi.

• Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu kinaficha ugonjwa. Kata mpaka ufikie chuma king'aavu chenye unene wake wote. Zifanye pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwani pembe kali hukusanya nguvu na kuanzisha nyufa. Tumia chuma chenye unene sawa na kile ulichokikata.

• Usichomelee mshono mzima kwa mkupuo. Piga nukta moja huku, nyingine upande wa pili, subiri, kisha ujaze mapengo kwa zamu. Bati la milimita moja likipata joto lote mahali pamoja hujikunja, na kulinyoosha kutakuchosha kuliko kulichomelea.

• Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wake wa oksidi huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Ndiyo sababu anayejaribu kwa mara ya kwanza huona uso mgumu, halafu ghafla tundu. Kazi hiyo hutaka mashine ya arigoni yenye umeme wa kubadilika mwelekeo. Kwa mwanagenzi, riveti ni njia salama zaidi, na gari lenyewe lilitoka kiwandani likiwa na riveti nyingi.

• Riveti ya kufungwa kutoka upande mmoja ilibuniwa kwa ajili ya ndege. Mwingereza Hamilton Wylie aliomba hataza yake mwaka 1916. Ina tundu katikati linaloweza kuvuja, hivyo kwenye paa na madigadi chagua ile iliyozibwa mwisho, na uichovye kwenye mastiki kabla ya kuivuta.

• Je, wajua kwamba maziwa hayaondoi moshi wa kuchomelea? Mafundi wengi Afrika Mashariki huyanywa kwa imani hiyo. Moshi huingia mapafuni, maziwa huenda tumboni. Chuma chenye zinki kikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na maumivu ya mwili jioni yake. Isage zinki sehemu ya mshono kabla ya kuchomelea, simama upande upepo unakotoka, na vaa barakoa ya mafusho ya metali.

• Miwani ya jua hailindi macho dhidi ya mwanga wa kuchomelea. Mwanga huo huunguza uso wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni. Vaa kofia yenye kioo chake halisi, na watoto wasisogee.

• Vumbi la alumini likichanganyika na vumbi la kutu, cheche yaweza kuliwasha kwa joto kali sana. Tumia diski tofauti kwa kila metali, na fagia kabla ya kubadilisha kazi. Diski ya chuma ikisaga alumini huziba, hupata joto, na yaweza kupasuka.

PUTI NA RANGI

• Puti ina unga wa mawe laini ndani yake na hufyonza maji. Ukiiacha bila rangi wakati wa masika, inapeleka unyevu moja kwa moja kwenye chuma. Praima nyingi za kawaida nazo hupitisha maji. Gari lililoishia kwenye praima halijakingwa.

• Puti ni ya kusawazisha milimita chache tu. Hadina, yaani dawa ya kuikausha, huwa takriban asilimia mbili ya uzito wa puti. Ikizidi, puti hukauka mkononi, na ziada yake huweza kupenya hadi juu na kuacha madoa kwenye rangi. Kwenye joto la Dar es Salaam changanya kidogo kidogo.

• Rangi ya kawaida haishiki alumini tupu. Huhitaji praima yenye tindikali ya kuuma uso, au praima ya epoksi. Lakini puti isiwekwe juu ya praima ya tindikali, kwani tindikali huizuia kukauka sawasawa. Utaratibu salama ni msasa, epoksi, puti, epoksi tena, kisha rangi.

• Namba ya msasa ikipanda, chembe zake huwa ndogo. Anza na 80 kwa kuchonga puti, panda hadi 180, malizia na 320 au 400 kabla ya rangi. Ufunge kwenye kibao kilichonyooka, maana vidole peke yake huchimba mifereji. Puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi kwanza: mahali weusi unapobakia ndipo palipobonyea.

• Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi. Isugue ikiwa imelowa ili vumbi lisipae, kusanya tope lake, na usile mahali pa kazi.

• Rangi za kisasa zenye hadina ya isosayaneti zaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Mpulizaji huhitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usiipulize nyumbani.

• Nafuu ipo. Magari mengi ya jeshi la Uingereza yalipakwa kwa brashi. Rangi ya mafuta ikipakwa kwa brashi laini au rola ndogo, matabaka membamba, kwa msasa kati ya kila tabaka, huikalia Land Rover vizuri na hurekebishika bila mashine.

KINGA NA WATUNZAJI

• Baada ya kuchomelea chasisi, upande wa ndani hubaki chuma kitupu kilichoungua. Ingiza nta ya matundu kwa mpira mrefu mpaka itoke kila kitobo. Mafuta ya sufu ya kondoo hufanya kazi hiyohiyo. Oili chafu ya injini iachwe: huharibu mipira, huchafua udongo, na ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi.

• Land Rover iliyopewa jina Oxford ilitoka London hadi Singapore mwaka 1955 na 1956 na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Ilikuja kupatikana kisiwani Saint Helena, ikatengenezwa, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore kurudi London.

• Maneybhanjang, karibu na Darjeeling nchini India, Land Rover za miaka ya 1950 zimeendelea kubeba watu kwenye njia ya mlima ya Sandakphu. Maralal, kaskazini mwa Kenya, mji umejulikana kwa Land Rover zake, na Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha zima la magari hayo. Mengi ya magari hayo yamefika hapo kwa kuunganishwa kipande kwa kipande na mafundi wasio na kiwanda nyuma yao.

• Je, wajua kazi ya kwanza kabisa ya kufanya Jumamosi hii? Haihitaji mashine wala fedha. Chukua kipande cha waya mgumu, lala chini ya gari, na uzibue matundu ya maji kwenye chasisi, chini ya milango na pembe za ukuta wa injini. Yamwagie maji mpaka yatoke safi, kisha acha milango wazi juani ikauke. Gari lililokauka ndani litakusubiri mpaka upate mashine, mabati na fedha za hatua inayofuata.